Bata amelemaa ghafla: mguu mmoja au yote miwili?

Wanaofuga kuku huniita kwa ajili ya mafua na kuhara. Wanaofuga bata huniita kwa ajili ya miguu. Maelezo yao nayo hufanana: jana alikuwa mzima, kazunguka uwanja wote, leo asubuhi hainuki. Na mara nyingi nikifika nakuta ameshanyweshwa OTC, ile antibaiotiki ya poda ya njano ya duka la dawa za mifugo, kwa sababu tu ndiyo iliyokuwepo kabatini.

Antibaiotiki haiungi mfupa, haitoi yai lililokwama, wala haiondoi msumari kwenye firigisi. Ndiyo maana kabla ya dawa yoyote mimi huuliza: ni mguu mmoja au yote miwili? Ukiwa mmoja, tutafute kwenye mguu wenyewe au kwenye neva inayoulisha. Ikilegea yote miwili kwa pamoja, mguu kwa kawaida hauna kosa. Tatizo liko tumboni, kwenye chakula, au kwenye maji anayochovya mdomo huko nyuma ya nyumba. Mpaka huo una nyufa zake, lakini unakuokolea muda mwingi na pesa.

Kumkagua kuna adabu yake. Bata hakamatwi miguu. Mguu wake umeumbwa kwa kusukuma maji: umekaa nyuma, ni mwembamba, na juu yake kuna mwili mzito. Wengi tulio nao majumbani ni wale wenye nyama nyekundu usoni, ambao asili yao ni Amerika ya Kati na ya Kusini, na dume lao hufikia kilo tano na kupita. Mtoto akimdaka mguu na bata akapiga mabawa kujinasua, hapo hapo kiungo kinateguka. Mtupie kanga, bana mabawa kwa viganja viwili, mwinue ukiwa umemshika kiwiliwili. Halafu kaa chini, mlaze mapajani, kagua miguu yote miwili, ule mzima kwanza ili ujue mzima unakuwaje.

Na tuelewane kuhusu goti. Kile kiungo kinachoonekana kupinda kinyume si goti, ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limefichwa na manyoya, karibu na tumbo. Mtu akinipigia simu akasema goti limevimba, lazima nimuulize tena ni lipi.

Ukiwa mguu mmoja

Anza chini, kwenye unyayo. Ukikuta kigaga cheusi cha mviringo na nyama iliyovimba kukizunguka, hicho ni kidonda cha unyayo chenye maambukizi, mara nyingi ya bakteria wa stafilokokasi. Kinaletwa na sakafu ya saruji yenye kokoto, matandiko yaliyolowa siku nyingi, na kuruka kutoka juu. Bata hawa wenye uso mwekundu wanapenda kulala juu ya ukuta au tawi, halafu asubuhi wanajitupa chini na kilo zao zote. Kidonda chenyewe hakikuanza leo. Kilichoanza leo ni maumivu kuzidi uvumilivu. Usaha wa ndege ni mkavu na mgumu, haukamuliki, na dawa ya kunywesha haiupenyi vizuri. Kikiwa kidogo na hakijavimba sana, loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi kwa robo saa, kausha, paka ayodini, funga bandeji safi, na urudie kila siku huku akilala pakavu. Kikiwa kimevimba, kinahitaji kufunguliwa na daktari. Tafadhali usichimbe mwenyewe kwa wembe.

Kati ya vidole tafuta uzi. Sitanii. Nyumba yenye cherehani, au iliyo jirani na wavuvi, ina nyuzi na nailoni kila mahali, na uzi mmoja ukijizungusha juu ya vidole unakata damu. Kwa macho hauonekani kwa sababu umezama kwenye ngozi. Unauhisi kwa kucha. Ukiukata mapema, mguu unapona.

Panda kwenye kifundo. Kikiwa kimevimba na kina joto kuliko mwenzake, na bata amepoa, hali chakula, huenda ni maambukizi ndani ya kiungo. Hapo ndipo antibaiotiki ina kazi yake, tena iliyochaguliwa na daktari na kupewa kwa siku zote alizoandika. Kwa kifaranga, angalia pia ule ukano mnene unaopita nyuma ya kifundo. Ukiwa umehama kwenda pembeni, mguu hujisokota na kutazama nje. Chanzo chake huwa ni upungufu wa manganizi au kolini kwenye chakula, na ukano hurudishwa mahali pake siku za mwanzo tu. Akikaa wiki kadhaa hivyo, mfupa umeshakua vibaya.

Mfupa uliovunjika huujua kwa kuning'inia, kwa kupinda mahali pasipo na kiungo, au kwa kusikia mikwaruzo chini ya vidole vyako. Ukivunjika chini ya kifundo au kwenye muundi, hufungwa kwa vijiti vyepesi na bandeji, na mifupa ya ndege huunga upesi, takriban wiki tatu kama haikuhama. Paja ni kesi nyingine. Halifungiki kwa bandeji, kwa sababu kiungo cha juu yake kimo mwilini. Ukijaribu unaongeza uzito tu kwenye mfupa uliovunjika. Huyo ni wa kutulizwa kwenye tenga, au kuwekewa pini kama kuna mahali pa kumfanyia.

Usipoona kitu chochote kati ya hivyo, yaani mfupa mzima, unyayo safi, anakula vizuri ila anachechemea, basi uwezekano mkubwa ni mteguko. Kesi nyingi za mguu mmoja ni hizi. Wakati mwingine mhusika ni dume. Ukiwa na madume mawili na jike mmoja, jike huyo hapumziki, na uzito wa kukanyagwa kila saa unatosha kumvunja nyonga. Dume mmoja kwa majike wanne au watano ndiyo hesabu ya kuwapa amani.

Kuna aina moja ya mguu mmoja ambayo huwashangaza wenye bata. Kwa ndege, mtandao wa neva kuu ya mguu umepita ndani ya nyama ya figo. Figo ikivimba, au kukiota uvimbe karibu na kifuko cha mayai, neva inabanwa na mguu wa upande huo unalegea, wakati mguu wenyewe hauna kovu wala uvimbe. Bana utando wa kidole kwa kucha: akiuvuta mguu kwa nguvu, neva inafanya kazi. Akikutazama tu, usipoteze wiki mbili ukimkanda.

Ikiwa ni yote miwili

Kwa jike anayetaga, fikiria yai kwanza. Anakaa, anajikamua, mkia unapanda na kushuka, tumbo ni gumu chini ya mkono. Mweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yanayofika tumboni, mpe kalisiamu, mwache mahali penye joto na giza kidogo. Saa chache zikipita bila yai, nenda kwa daktari. Kulivunja yai likiwa ndani kunamchana, na hiyo ni shida kubwa kuliko ile ya kwanza.

Dume, au jike asiyetaga, aliyelegea miguu, kisha mabawa, kisha kope, na mwishowe shingo ikalala chini: hiyo ni sumu ya botulizimu. Bakteria wake hustawi kwenye mizoga na majani yaliyooza ndani ya maji yaliyotuama wakati wa joto. Kuku aliyekufa akatupwa kwenye mtaro anazaa funza. Funza hawadhuriki na sumu hiyo, lakini wanaibeba, na bata anawapenda funza kuliko chakula chochote unachonunua. Mtoe kwenye maji mara moja, maana shingo ikishindwa anazama kwenye dimbwi la kina cha kiganja. Mpe maji safi kidogo kidogo, kichwa kikiwa kimeinuliwa, na kama hamezi usimmiminie, yataingia kwenye mapafu. Hiyo ni kazi ya mpira wa daktari. Waliopata sumu kidogo huinuka baada ya siku mbili tatu. Wengine wote waliobaki uwafungie hadi mzoga upatikane na kuzikwa.

Kuna pia chuma. Bata anakusanya vitu vinavyong'aa: sarafu, misumari ya mabati, vipande vya waya, chubwi za wavuvi zilizotengenezwa kwa madini ya risasi. Firigisi inavisaga taratibu kama jiwe la kusagia, na sumu inaingia kwenye damu. Anakuwa dhaifu miguu yote, anakonda, kinyesi kinakuwa cha kijani. Picha ya eksirei inakionyesha chuma wazi kabisa. Tiba yake ni sindano maalumu za kuitoa sumu mwilini, na hapana, mafuta ya kula hayakitoi kipande cha risasi.

Chakula nimekiweka mwisho ingawa kwa vifaranga ndicho kinachoongoza. Kifaranga wa kuku hutosheka na takriban miligramu 27 hadi 35 za niasini, yaani vitamini B3, katika kila kilo ya chakula. Wa bata anahitaji kama 55. Ukimlisha chakula cha vifaranga wa kuku anaweza kupungukiwa; ukimlisha pumba ya mahindi peke yake hapo hakuna mjadala, kwa sababu niasini ya mahindi imefungwa namna ambayo tumbo lake haliwezi kuifungua. Miguu inapinda, vifundo vinanenepa, anatembea kwa vifundo, halafu siku moja hainuki na mwenye bata anasema ni ghafla. Kwa vifaranga wa namna hii, vidonge vya niasini vya duka la dawa za binadamu husaidia: miligramu 100 hadi 150 katika lita nne za maji ya kunywa, yakibadilishwa kila siku. Dagaa waliosagwa nao wana niasini nyingi. Aliyeanza jana hubadilika ndani ya siku chache; aliyepinda mifupa hanyooki tena.

Mashudu ya karanga yangefaa sana hapa kama si sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa kwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, na vifaranga wa bata nao wakafa. Wataalamu wakagundua kwamba kifaranga wa bata hudhurika upesi mno na sumu hii, hata wakamfanya kipimo cha kuitafuta. Hapa kwetu, mwaka 2016 Dodoma na Manyara iliua watu. Mahindi yenye ukungu tunayosema "haya wape bata" ni ya kutupa.

Kumuuguza

Mteguko unataka utulivu. Tenga au kona ndogo, matandiko manene ya maranda au pumba za mpunga yanayobadilishwa yakilowa, maji na chakula karibu na mdomo. Maji yawe ya kina cha kuchovya pua, kwani bata asiyesafisha pua na macho huongeza ugonjwa mwingine. Awaone wenzake kupitia wavu. Bata akiwa peke yake huacha kula. Baada ya siku mbili za mwanzo, mwache aelee kwenye beseni kubwa la maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi hivi: maji yanabeba uzito, yeye anapiga miguu, misuli hainyauki. Aliyevunjika au mwenye kidonda kibichi asiogeshwe hivyo. Kila siku mgeuze uangalie kifua, maana anayelala siku nyingi huchubuka kwenye mfupa wa kidari, na umsafishe chini ya mkia kabla nzi hawajamwona.

Dawa ya maumivu ipo. Meloksikamu hutumika kwa ndege, kwa kipimo cha uzito anachopanga daktari. Usimpe diklofenaki. Tumbusi wa Asia Kusini walipungua kwa zaidi ya asilimia 90 kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa hiyo. Figo zao zilishindwa. Chanzo kilijulikana mwaka 2004, na 2006 India, Pakistani na Nepali zikaipiga marufuku kwa mifugo. Kidonge kilichomponya bibi mgongo kibaki cha bibi.

Jirani atakuja kusema mchinjeni, si kitoweo hicho. Kama ameshapewa dawa yoyote, nyama na mayai yake havifai hadi siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa ziishe, na hilo kwa kawaida humaliza mazungumzo. Ila nami husema wazi pale ambapo mguu hautarudi: bata mzito akibaki na mguu mmoja, unyayo wa ule mwingine utaoza. Mwepesi anaweza kuishi hivyo kwa malezi. Dume la kilo tano, hapana.

Wakilemaa wengi siku moja, au mmoja analemaa na wengine wanakufa, usiwalete kwangu wala usiwauze. Mpigie afisa mifugo wa kata, wafungie ndani, nawa mikono, kwa sababu mafua makali ya ndege hayatofautishwi kwa macho na magonjwa mengine.

Aliyepona mrudishe jioni, wenzake wakiwa wanaelekea kulala, na madume yakitengwa kwa wiki ya kwanza. Na kama banda lako limeinuka, weka ubao wa kupandia wenye vijiti vya kukanyagia, upana wa kupita bata wawili, wasianze tena kujitupa chini kila asubuhi.