Simu mwambani: ifunge kwanza, ndipo uitoe mfukoni

Wanaoanza kupanda miamba huniuliza simu iwekwe mfuko gani. Nitalijibu swali hilo, ila si la kwanza. Simu ninazoziona zikianguka mwambani mara nyingi hazichomoki mfukoni. Zinaponyoka mkononi, mwenyewe akiwa ameitoa kwa hiari yake ili apige picha, asome ujumbe au aangalie saa. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia mfuko, tuzungumze kamba.

Nafundisha kupanda miamba hapa Kenya, Hell's Gate na Lukenya, na siku nyingine kazi yangu ni ya kamba vilevile, juu ya minara ya mawasiliano. Kule mnarani kuna sheria isiyojadiliwa: spana, bisibisi, redio, chochote kinachopanda na fundi lazima kiwe kimefungwa kwake. Fundi akionekana ameshika spana isiyo na kamba, anateremshwa, hata kama ni mzoefu kuliko wote. Wapandaji wengi tunaheshimu kanuni hiyo kwa vifaa vyetu vya chuma, halafu tukishika simu tunaisahau. Naona hapo ndipo tunapokosea sana, kwa sababu simu ndicho kifaa tunachokitoa mara nyingi zaidi na kukishika vibaya zaidi.

Tuchukue Mnara wa Fischer pale Hell's Gate. Ni nguzo ya mwamba wa volkano yenye kimo cha mita 25 hivi, na imesimama karibu kabisa na barabara ya mbugani. Watalii waliokodi baiskeli hupumzika chini yake, hupiga picha, watoto hufukuzana na pimbi. Simu ya kawaida ina gramu kama 200. Ikiachiwa kutoka kileleni inafika chini baada ya sekunde mbili na nukta kidogo, ikienda karibu kilomita 80 kwa saa, na inatua na nishati ya jouli 49 hivi. Kiwango cha Ulaya cha helmeti za kazini, EN 397, huipima helmeti kwa kuidondoshea chuma cha kilo 5 kutoka kimo cha mita 1, na pigo hilo nalo ni jouli 49. Maana yake, simu inayoponyoka pale juu humpiga aliye chini kwa nguvu ileile ambayo helmeti hutengenezwa kuizuia, tena huenda ikatangulia na kona yake. Yule mtoto aliyeshuka kwenye baiskeli hana helmeti. Kioo kuvunjika ni hasara ya mwenye simu; kichwa cha mtu ni jambo jingine kabisa.

Mahali pa hatari zaidi si pale unapopambana na mwamba, kwa kuwa pale hakuna anayeikumbuka simu. Ni kituoni, ukishamaliza urefu mmoja wa kamba, umejifunga kwenye nanga, yaani vile vishikizo imara vya mwambani, moyo unatulia. Misuli ya mikono imechoka, vidole havina nguvu ya kubana kitu chembamba. Vimejaa chaki, ule unga mweupe wa kukausha jasho mikononi, na chaki kavu juu ya kioo huteleza. Mkono mmoja bado una kamba ya mwenzako. Hapo ndipo mwanafunzi anaponiambia, "Mwalimu, subiri kidogo nipige picha." Huwa namjibu, "Piga, ila nionyeshe kwanza imefungwa wapi."

Sasa, kuifunga. Simu nyingi za siku hizi hazina tundu la kupitishia uzi kama zile za vitufe, kwa hiyo kila kitu kinategemea kava. Kava laini ya silikoni haitoshi: ukivuta kona moja inabanduka, simu inakwenda, nawe unabaki na kava inayoning'inia. Tafuta kava ngumu inayoibana simu pande zote nne. Kisha nunua kile kipande chembamba kama kadi kinacholazwa kati ya simu na kava, chenye kijitanzi kinachotokeza kupitia uwazi wa chaji. Wauza vifaa vya simu wanavyo, na mara nyingi huviuza pamoja na kamba ya kuvaa shingoni. Kipande kichukue, kamba ya shingoni iache nyumbani. Mtu akiteleza, na kamba iliyomzunguka shingo ikanasa kwenye ncha ya mwamba au kwenye karabina, ile pete ya chuma yenye mlango, uzito wake wote unaishia kooni. Sikubali mwanafunzi wangu apande na kitu chochote cha shingoni, iwe simu, funguo au kitambulisho.

Urefu wa kamba ndio unaowakwaza wengi. Kutoka kiunoni hadi mbele ya macho ni kama sentimita 80. Ukiweka kamba ya kawaida ya urefu huo kwenye hanesi, ile mikanda ya kiunoni na mapajani inayokushikilia, picha utapiga vizuri, lakini simu ikidondoka itaning'inia usawa wa miundi, mahali ambapo hatua inayofuata utaikanyaga au kamba yake itanasa kwenye ufa. Dawa ni mbili. Ukiwa na begi dogo mgongoni, funga kamba fupi ya nailoni ya milimita 3 kwenye mkanda wa begi upande wa kifua. Kutoka hapo hadi machoni ni karibu, na simu ikiponyoka inaishia tumboni. Usipokuwa na begi, tumia kamba ya springi, ile iliyojisokota inayovutika na kurudi, uifunge kwenye kitanzi cha pembeni cha hanesi tunapotundika vifaa. Chagua yenye waya ndani. Zile za plastiki tupu hupasuka zikikaa juani, na hapa kwetu jua halikosi.

Upande wa simu, pitisha kitanzi cha kamba kwenye kile kijitanzi cha kava, kisha ipitishe simu nzima ndani ya kitanzi cha kamba na uvute mpaka kikaze. Fundo hilo huzidi kubana kadiri uzito unavyoongezeka. Upande wa pili weka karabina ndogo, hata ya funguo, mradi mlango wake unajifunga wenyewe bila kusitasita. Izungushie utepe wa rangi kali ili usiku au katika uchovu usije ukaichanganya na karabina za kubebea uhai. Halafu ijaribu nyumbani juu ya godoro: shika ncha moja, iachie simu idondoke urefu wote wa kamba, rudia mara kadhaa, geuza kava uangalie kama kona imeanza kufunguka. Kama itashindwa, ishindwe kwenye godoro.

Kuna mahali pamoja pa kutofunga simu kamwe, nako ni kwenye karabina uliyojifungia nangani. Inavutia, maana iko mbele ya macho na ni imara. Lakini wakati wa kuondoka kituoni utataka simu yako, na ili kuitoa itabidi ufungue mlango wa chuma pekee kinachokushikilia. Mtu aliyechoka, baridi inampiga, mwenzake anamwita, anaweza kutoa kisichotakiwa. Vilevile usifunge kitu kwenye kitanzi cha mbele cha hanesi, kinapokaa kifaa cha kumshikia mwenzako kamba. Uzi mwembamba ukiingia ndani ya kifaa hicho kamba inapokwenda kasi, unaweza kukwamisha kila kitu.

Haya, mfuko. Mfuko wa paja wenye zipu ndio ninaoupenda, upande wa mbele kidogo, chini ya mkanda wa hanesi unaozunguka paja. Simu inalala juu ya nyama, haiko juu ya mfupa. Mfuko wa nyuma wa suruali haufai, hata wenye zipu: ukiingia kwenye ufa mpana unaopandwa kwa kusukuma mgongo upande mmoja na miguu upande wa pili, simu hiyo ndiyo itakayosagwa. Mfuko wa ubavuni chini ya mkanda wa kiuno ni mbaya zaidi, kwa sababu ukianguka na kuning'inia, hanesi huikandamiza simu kwenye mfupa wa nyonga. Mfuko wa kifuani hufaa kama una zipu, ingawa hukuzuia kuubana mwamba kifua kwa kifua. Dada wengi ninaopanda nao huiweka ndani ya sidiria ya michezo. Inakaa imara, hasara yake ni jasho, basi itangulie kwenye mfuko mdogo usiopitisha maji. Popote utakapoiweka, kamba yake ibaki imefungwa tangu uko chini, ziada yote iingie mfukoni pamoja na simu, na zipu ifungwe mpaka inapogusa kamba.

Kwenye mfuko wa chaki, hapana. Ule unga ni kabonati ya magnesiamu, unapenya kwenye spika na tundu la chaji, na ukichanganyika na jasho unaganda humo.

Kwa njia fupi, ambapo mwenzako anakushikia kamba akiwa ardhini, mara nyingi sioni haja ya kupanda na simu hata kidogo. Ajali ikitokea, atakayeweza kupiga ni aliye chini, basi simu iwe huko, imechajiwa, na wote wawili mjue ilipo na namba ya siri ya kuifungua. Lakini isiwe mkononi mwa mshika kamba. Macho yake ni ya mpandaji. Na usiiache juu ya begi wazi: nyani wa Hell's Gate wamezoea watu, wanafungua zipu, na begi lenye harufu ya chapati hulibeba lote na vilivyomo.

Kwenye njia ndefu mambo hubadilika, kwa sababu hakuna aliyebaki chini. Mlima Kenya ndio mfano wetu mkubwa. Anayepanda kilele cha Nelion, mita 5,188, na kuendelea hadi kile cha Batian, mita 5,199, yuko mbali na msaada siku nzima au zaidi. Hapo kila mtu abebe simu yake, moja ikiwa imezimwa kabisa kama akiba. Ile inayotumika iwekwe hali ya ndege, kwa kuwa simu inayohangaika kutafuta mtandao dhaifu hula chaji haraka. Ramani uliyokwisha kupakua itaendelea kukuonyesha ulipo, maana mahali husomwa kutoka setilaiti, bando halihusiki. Betri za lithiamu huzubaa kwenye baridi. Simu inaweza kuzimika ikiwa bado inaonyesha chaji, kisha ikawaka tena ikipata joto la mwili. Kwa hiyo huku juu mfuko wa paja hauna kazi. Simu ikae ndani ya koti, karibu na ngozi, na kamba yake ipite chini ya zipu ya koti hadi kwenye mkanda wa begi. Usiichaji kwa pawabenki kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0, betri huharibika. Ipashe joto kwanza.

Wala simu isichukue nafasi ya tochi ya kichwani. Huku kwenye ikweta jua likizama giza haliombi ruhusa, na kushuka kwa kamba kunataka mikono yote miwili.

Kabla hujaondoka nyumbani, jaribu kuifungua simu yako ukiwa na chaki vidoleni. Alama ya kidole mara nyingi hukataa, kwa hiyo namba ya siri uwe unaijua vizuri. Jaza taarifa za dharura zinazoonekana bila kufungua simu: kundi la damu, mzio, namba ya mtu wa karibu. Nchini Kenya namba za dharura ni 999 na 112, na simu zimeundwa ili 112 ipite kwenye mtandao wowote unaopatikana, hata kama laini yako haina mnara hapo. Simu ya sauti ikikatikakatika, tuma ujumbe mfupi wenye mahali ulipo kwa tarakimu, idadi ya walioumia na hali yao. Ujumbe mara nyingi hupenya pale sauti inaposhindwa. Tena, kwa wengi wetu pesa za kurudi nyumbani ziko humohumo kwenye simu. Weka noti chache kando, za matatu au bodaboda.

Na ikianguka licha ya yote, piga kelele "Jiwe!" papo hapo, kwa sauti ya juu, kama ungefanya kwa jiwe. Usianze kusema "simu yangu", kwa sababu aliye chini akisikia hivyo huinua uso kutazama. Ukifika chini ukaikuta, usiirudishe mfukoni kwa furaha. Ishike kwanza uone kama ina joto, itazame pembeni kama imevimba au kioo kimeinuka. Betri iliyopigwa vibaya inaweza kuwaka moto baadaye. Yenye joto au uvimbe izime, iweke juu ya jiwe tupu mbali na majani makavu na mbali na kamba zenu, usiichaji, na ikipoa ipeleke kwa fundi wa simu ukiwa umeibeba nje ya begi.