Nova Haisubiri Darubini Kubwa

Swali limenifikia tena, safari hii kutoka kwa mwalimu wa fizikia wa hapa Kigoma, mtu ambaye nilitarajia angalau yeye asiliulize: je, tukipata darubini kubwa zaidi, si tutaziona nova zote, yaani milipuko ya nyota, za galaksi jirani ya Andromeda?

Hatutaziona. Nova hutokea hivi: kibete cheupe, yaani kiini kizito kilichobaki nyota ilipokufa, hufyonza haidrojeni ya nyota mwenzake, tabaka lililorundikana hulipuka, na kibete hubaki kizima. Hayo yamo vitabuni, sina haja ya kuyarudia. Andromeda iko umbali wa takriban miaka-nuru milioni 2.5, na nova yake ya kawaida hunaswa hata na darubini yenye kioo cha wastani. Tunazozikosa, nyingi tunazikosa kwa sababu usiku ule hatukutazama.

Chukua M31N 2008-12a, mojawapo ya nova za Andromeda. Hulipuka karibu kila mwaka, kisha hufifia kwa magnitudi mbili, yaani hadi kama sehemu moja ya sita ya mwanga wake, ndani ya siku mbili hivi. Galaksi hiyo ilikuwa ikipigwa picha tangu karne ya 19, lakini nova hii ilikuja kutambuliwa mwaka 2008. Anayepiga picha mara moja kwa wiki anaweza kuikosa kabisa, hata kioo chake kikiwa cha mita 10, na bado akaandika kwamba hakukuwa na kitu. Huyo hana tofauti na mgeni anayefika Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma, wakati wa mbalamwezi wavuvi wanapopumzika, akakuta mitumbwi imeegeshwa, akahitimisha kwamba ziwa halina dagaa. Darubini kubwa ina kazi yake, hasa kuchukua spektra, yaani kuuchanganua mwanga kwa rangi zake, ili tusidanganywe na nyota geugeu za aina ya Mira, ambazo zikiongeza mwanga huweza kudhaniwa kuwa nova, lakini kazi hiyo huja baada ya mlipuko kupatikana.

Mwaka 2011 mwanaastronomia Mansi Kasliwal na wenzake, wakitumia darubini ya mita 1.5 ya Palomar, kituo cha uangalizi huko California, walieleza nova za Andromeda zilizokuwa hafifu na za haraka kwa pamoja. Hizo zilikwenda kinyume na kanuni iliyozoeleka, iliyodai kwamba inayofifia haraka ndiyo iliyong'aa zaidi, na wapo waliopimia umbali wa galaksi kwa kanuni hiyo.

Hapo ndipo ninapokosa raha. Mwanaastronomia Edwin Hubble alikadiria mwaka 1929 kwamba Andromeda hutoa nova kama 30 kwa mwaka. Kufikia 2006 makadirio yalikuwa kama 65. Hakuna aliyezihesabu 65. Ni idadi ya zilizoonekana, ikasahihishwa kwa zile zilizokosekana, na ili kusahihisha ni lazima kwanza udhani zilizokosekana zinafanana na zilizoonekana. Ikiwa hafifu za haraka ni nyingi, idadi hiyo ni ndogo mno, nami ninashuku hivyo, ingawa siwezi kuthibitisha.

Isitoshe, Andromeda hufika hapa kwetu takriban nyuzi 44 tu juu ya upeo wa kaskazini, na msimu wake mzuri huangukia pale mvua zinapoanza. Fedha ya darubini moja kubwa ningeigawa kwa ndogo kadhaa katika longitudo mbalimbali, ili kwingine kukicha kwingine kuwe bado usiku, na walau moja ningeiweka mahali ambapo Novemba hakunyeshi.