Kutia nia na kufanywa upya nia

Ukifika mwezi wa Ramadhani, jirani yangu wa mlango wa pili hapa Mjini halali kabla hajatia nia. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Unguja na Pemba, nia ya funga ya Ramadhani hutiwa kila usiku kwa ajili ya kesho yake. Nia ya jana haimfai mtu leo. Tumekaa baraza moja miaka mingi, yeye Mwislamu na mimi Mkristo, na somo langu la kwanza la Warumi 12:2 nililipata pale barazani, kabla sijaingia darasani kujifunza Kigiriki cha Agano Jipya, ambacho leo ninakifundisha kwa makatekista.

Aya yenyewe, katika Biblia ya Union ya 1952 tunayoisoma kanisani, ni hii: "Wala msiifuatishe namna ya dunia hii, bali mgeuzwe kwa kufanywa upya nia zenu, mpate kujua hakika mapenzi ya Mungu yaliyo mema, ya kumpendeza, na ukamilifu." Wafasiri wangeweza kuandika "akili". Wangeweza kuandika "fikira", kama ilivyo katika Biblia Habari Njema. Waliandika nia, na mimi nawashukuru.

Nitasema kwa nini. Mbali na kufundisha, ninafanya ushauri wa kichungaji, na watu wengi wanaokuja kwangu huanza kwa neno moja: "Mwalimu, nina mawazo." Kwa Kiswahili chetu mawazo peke yake tayari ni ugonjwa. Huhitaji kusema ni mawazo gani. Mtu akisikia una mawazo anakupa pole. Basi anayekuja anataka mawazo yatoke, kama maji yanavyotolewa ndani ya ngalawa. Anasoma aya, anaomba, anasubiri kichwa kitulie. Kisipotulia anaona Neno limeshindwa, au yeye ndiye aliyeshindwa.

Lakini Paulo hazungumzii mawazo yanayopita kichwani. Neno lake, nous, ni kile kitu ndani ya mtu kinachopima mambo na kuamua tuelekee wapi. Amelitumia mwanzoni mwa waraka huohuo, 1:28, aliposema Mungu aliwaacha watu wafuate "akili zao zisizofaa". Kwa Kigiriki "zisizofaa" pale na "mpate kujua hakika" katika 12:2 ni maneno ya ukoo mmoja, na ukoo huo ni wa kupima na kuthibitisha, kama sonara anavyopima dhahabu kabla hajaitolea pesa. Kwa hiyo Paulo anasema hivi: kipimo chenu kiliharibika, kinaita shaba dhahabu, nacho lazima kifanywe upya ndipo mjue lipi jema. Neno nia halibebi maana yote ya nous, nakubali. Lakini linabeba ule uelekeo, na uelekeo ndio unaosahauliwa. Mtu anaweza kuwa na mawazo mengi yanayompiga na nia yake ikawa imeelekea kwa Mungu. Nimewaona watu wa namna hiyo. Na nimeona kinyume chake, kichwa kimetulia kabisa na nia imeoza.

Tazameni pia kitenzi. Haikuandikwa "jigeuzeni". Imeandikwa "mgeuzwe". Ni kitenzi kilekile cha mlimani, Yesu alipogeuka sura mbele ya Petro, Yakobo na Yohana, na kwa Kigiriki kimewekwa katika hali ya jambo linaloendelea: mzidi kugeuzwa. Hapa ndipo ninapotofautiana na jirani yangu, kwa heshima yote. Yeye hutia nia mwenyewe kila usiku. Mimi naambiwa nia yangu inafanywa upya na Mwingine, na kazi yangu ni kukaa mahali anapofanyia kazi. Tunapokutana ni kwenye "kila usiku".

"Namna ya dunia hii" ina maana gani? Wengi wanataja mavazi na muziki. Mimi nawachukua wanafunzi hadi Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana. Pale palikuwa na soko la watumwa hadi Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kulifunga. Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa, na aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, yuleyule aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiunguja. Amezikwa pale nyuma ya altare. Nawaambia wanafunzi: simameni, mfikiri. Kwa miaka mingi watu wa mji huu, watu wenye dini na adabu, waliopeana salamu na kupelekeana sahani za futari, walipita hapa wakaona mtu anatajiwa bei, wasione ajabu. Wakristo wa Ulaya na Marekani nao, kwa karne kadhaa, walimiliki watu na Jumapili wakaimba zaburi. Dunia haikuwalazimisha kwa fimbo. Iliwazoesha tu. Kufuatisha ni kama fundi wa milango anavyopitisha kalamu juu ya mchoro wa mwenzake: mkono unakwenda wenyewe, wala hauhitaji kufikiri.

Halafu nawatajia Cecil Majaliwa, aliyetiwa utumwani mtoto, akakombolewa hapa Unguja, akasoma, na mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni ya Anglikana iliyolijenga kanisa lile. Mji uliomjua kama bidhaa ulipaswa kupiga goti apate kuupa sakramenti. Hiyo ndiyo nia ikifanywa upya, nayo haikuwa ya mtu mmoja. "Mgeuzwe," amesema Paulo, kwa wingi, na sura yote inayofuata ni mambo ya kuishi na watu: kukaribisha wageni, kulia na wanaolia, kumlisha adui akiwa na njaa.

Sasa la kwangu.

Mimi nimezaliwa Weti. Baba alikuja kutoka bara kuchuma karafuu, akaoa, akabaki. Mama yupo hukohuko. Septemba 2011 meli iliyokuwa ikienda Pemba ilizama katika mkondo wa Nungwi usiku, na mamia ya watu wakafa. Mimi sikuwemo. Ila wiki iliyotangulia nilikuwa nimeupita mkondo uleule, na tangu siku ile sikuweza kupanda chombo. Nilifika bandarini Malindi mara tatu na tiketi mkononi. Mara ya tatu niliingia hadi ndani, nikakaa, nikaanza kuhesabu majaketi ya kujiokolea yaliyofungwa juu darini. Nikahesabu, nikalinganisha na vichwa vya abiria, nikakosea, nikaanza upya, jasho likinitoka mgongoni, hadi nikashuka kabla ngazi haijaondolewa. Ndege ipo, inatua Chake, lakini pesa ya ndege si ya mwalimu wa makatekista. Mama akawa anapiga simu: "Mwanangu, karafuu zishaanikwa, mbona huji?" Misimu miwili ikapita nikimdanganya kwamba nina kazi.

Na aya nilikuwa nayo. Isaya 43:2: "Upitapo katika maji mengi nitakuwa pamoja nawe, na katika mito, haitakugharikisha." Niliiandika kwenye karatasi, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Nilikuwa nimeifanya hirizi. Nasema hivyo bila kuficha kwa sababu naiona karatasi hiyohiyo mifukoni mwa wengi. Aya ikikaa mfukoni haifanyi upya kitu chochote. Isitoshe, nilikuwa naisoma vibaya. Waliokufa Septemba ile walikuwamo waliomwomba Mungu, na maji yaliwagharikisha. Sikuthubutu kulitamka hilo, lakini kipimo changu cha ndani kilikuwa kinalijua, ndiyo maana aya haikunishika.

Aliyenitoa pale ni padri mzee, marehemu sasa, aliyeniuliza swali moja: "Aya hiyo inaanzia wapi?" Nikamwambia, kwenye maji mengi. Akasema, "Rudi nyuma kidogo." Nikarudi aya ya 1: "Usiogope, maana nimekukomboa, nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu." Akanyamaza, nami nikanyamaza. Kwa sisi watu wa Unguja neno kukomboa halihitaji kamusi. Unakomboa kilichowekwa rehani. Unakomboa aliyeuzwa. Ahadi ya maji imesimama juu ya hilo: wewe ni wangu tayari, uvuke au usivuke. Nilikuwa nadai kuhakikishiwa safari, kumbe naambiwa mimi ni wa nani.

Padri yule akanifundisha pia kutafakari, kwa maana nilidhani najua. Tunaposikia "kutafakari" tunamwona mtu amenyamaza, macho kayafumba. Kiebrania kinasema jambo jingine. Neno la Zaburi 1:2, hagah, ni sauti: ndilo lililotumika kwa simba angurumapo juu ya windo lake katika Isaya 31:4, na kwa hua anayeomboleza katika 38:14. Yoshua 1:8 inaweka wazi: kitabu hiki "kisiondoke kinywani mwako". Ni kunong'ona, kutafuna, neno linapita ulimini tena na tena hadi linaonja tofauti. Kwa hiyo nilipewa aya moja tu, ile ya kwanza, niinong'one asubuhi nikienda Darajani, na usiku kabla ya kulala, kwa sauti ninayoisikia mwenyewe. Nilimwomba ya pili baada ya wiki mbili. Akakataa.

Nililolionja ni hili. Mwezi wa kwanza nilisikia "usiogope", likanikasirisha, kwa kuwa nilikuwa naogopa. Baadaye kidogo nikaanza kusikia "kwa jina lako". Siku moja nikiwa foleni ya kununua ndizi, nilisikia "wewe u wangu" nami nikalazimika kutoka kwenye foleni nikasimame pembeni. Hofu haikuondoka siku ile. Ila nilijua kuna kitu kimegeuka, na si mimi niliyekigeuza.

Watu huniuliza kama ni sawa kuweka aya kila siku kwenye simu. Weka, hakuna ubaya. Lakini mtu anayebadilisha aya kila asubuhi ni kama anayeanika karafuu saa moja kisha anazianua. Karafuu hukaa juani siku kadhaa, unazigeuza juu ya jamvi, jioni unaziingiza ndani zisipate umande, kesho unaanza tena, mpaka ukiivunja moja inakatika kwa mlio.

Kuna jambo lazima niliseme kwa uzito. Kiongozi mmoja wa kiroho, simtaji, alimwambia dada wa kwaya aache vidonge vya hospitali kwa sababu "nia ikifanywa upya, dawa ya nini". Dada yule aliteseka sana. Huo si ualimu wa Biblia. Elia, katika 1 Wafalme 19, aliomba afe, na Mungu hakumpa hotuba wala aya. Alimwacha alale, akampelekea mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Maswali yalikuja baadaye, mlimani. Mtu ambaye halali wiki nzima, anayesikia sauti, au anayetaka kujiua, namsindikiza mwenyewe hospitali, hata ile ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu ikibidi, nami naendelea kumwombea akiwa kwenye dawa. Ubongo ni nyama kama figo. Anayeuponya ni Mungu yuleyule, na hachagui kupita mlango mmoja tu.

Nilivuka msimu wa tatu. Bahari ilikuwa na kusi, na tulipoiacha Nungwi boti ikaanza kupanda na kushuka. Nilikuwa nanong'ona kama nilivyofundishwa. Mbele yangu mama mmoja kijana wa Kipemba, kapauka, mfuko wa plastiki mkononi, mtoto wa kama miezi minane mapajani. Akageuka. "Ami, nishikie mwanangu, tafadhali." Nikampokea. Mtoto akalia, nikampakata, na kinywa changu kikaendelea na kile kilichokuwa nacho, sasa kwa sauti ya kumbembeleza: usiogope, nimekuita kwa jina lako, ingawa jina lake sikulijua. Akalala begani kwangu.

Tulipofunga gati Mkoani mama yake alimchukua, akaniombea dua. Nikapanda gari la Chake, na la Weti. Nilikuwa nishaketi barazani kwa mama, natenga makonyo na karafuu, ndipo nilipokumbuka kwamba safari nzima sikuwa nimetazama juu darini.