Kabla ya kununua darubini, soma namba ya pili

Darubini ya macho mawili huandikwa namba mbili: 8x42, 10x50, 7x50. Wauzaji husifia ile ya kwanza, inayoeleza kitu kitasogezwa karibu mara ngapi. Mimi nakuomba uanze na ya pili. Huo ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, na lenzi pana ndiyo inayokusanya mwanga.

Gawanya ya pili kwa ya kwanza, upate upana wa mwale unaofika jichoni. 8x25 ya mfukoni hutoa kama milimita 3. Juani mboni hujibana hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo inamtosha anayetazama twiga Serengeti saa sita mchana. Alfajiri, simba wakiwa bado mawindoni, haitoshi tena. Hapo, na kwa ndege wa misitu yenye kivuli ya Usambara, chukua 8x42: inatulia mkononi, na eneo lake la kuona ni pana, hivyo ndege akiruka humpotezi.

Kwa nyota napendekeza 10x50. Mboni ya kijana gizani hupanuka hadi karibu milimita 7, lakini hupungua kadiri umri unavyosogea. Mwale wa milimita 5 unawafaa karibu wote. Kuanzia Novemba hadi Machi, ielekeze jioni kwenye kundi la nyota la Kilimia. Jicho tupu huona nyota sita au saba. Darubini itakuonyesha makumi. Sayari ya Mshtarii nayo ina miezi minne aliyoiona Galileo mwaka 1610, nawe utaiona kama vitone pembeni yake, mradi mikono isitikisike. Egemeza viwiko ukutani au lala chali mkekani. Mei, tazama kusini utafute Omega Centauri, kundi la mamilioni ya nyota linaloonekana kama doa la moshi. Mkazi wa London hawezi kuliona kwao kabisa, halichomozi. Sisi linapita juu vizuri, na inanisikitisha kwamba wengi wetu hatujawahi kulitafuta.

Ukuzaji wa 20 na zaidi unahitaji stendi, maana kila mtetemo wa mkono nao unakuzwa. Kamwe usielekeze darubini kwenye Jua: retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, huungua bila kuuma, na uoni hauwezi kurudi.

Wakazi wa pwani watafute iliyozibwa isiingie maji na kujazwa naitrojeni, la sivyo unyevu utaotesha ukungu ndani ya lenzi. Chumvi ipulize kwanza, usiisugue.

Dukani, toka nje nayo na utazame ncha ya mnara ulio mbali. Picha mbili zikikataa kuungana, au macho yakianza kuvutana, prizimu, yaani vioo vya ndani vinavyogeuza mwanga, zimekaa upande. Irudishe, hata kama bei inavutia.