Kuipata faji sio shida, kuijua ndio kazi

Watu wengi wakisikia virusi wanawaza ugonjwa tu, lakini kuna virusi ambavyo havina habari na binadamu kabisa, vyenyewe vinashambulia bakteria, tunaviita faji. Frederick Twort aliandika habari zake 1915, miaka miwili baadae Félix d'Hérelle akavipa jina, na leo tunazitafuta zaidi kwa ajili ya maambukizi ambayo antibayotiki zimeshindwa.

Kuzipata sio ngumu kihivyo. Faji inakaa pale bakteria wake walipo, kwa hiyo maji taka ndio pa kuanzia. Unachota, unazungusha kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha kwa kasi sana, uchafu ushuke chini, unapitisha kwenye chujio lenye matundu madogo sana ya mikromita 0.22, bakteria wanabaki juu faji zinapita. Alafu unachanganya na yule bakteria unayemtaka kwenye agari laini (agari ni ile jeli ya kukuzia bakteria), unamwaga juu ya sahani yenye agari ngumu, unaacha usiku kucha. Asubuhi sahani nzima ina utando wa bakteria, ila hapa na pale kuna vidoa vya wazi ambapo hamna kitu, mwanga unapita, yaani hapo faji moja ilianza ikazaliana ikamaliza wote waliokuwa karibu. Unachokoa kidoa kimoja tu, unarudia, kwa kawaida mara tatu hivi, mpaka vidoa vyote vifanane.

Sasa wengine wanaishia hapo wakidhani dawa imeshapatikana, hapana jamani! Kidoa chenye ukungu katikati lazima ukitilie shaka, inawezekana faji hiyo haiui wote, inaingiza DNA yake kwenye ya bakteria na kutulia humo, na faji za namna hii zinaweza kuja na mzigo mbaya, hata jeni, yaani vipande vya DNA vyenye maelekezo, za ile sumu ya kipindupindu inayofanya mtu aharishe maji matupu bakteria alizipata kwa faji. Ndio maana mimi nasisitiza DNA isomwe yote, zitafutwe jeni za kujificha ndani ya bakteria, za sumu na za usugu kwa antibayotiki, kabla hata hujamfikiria mgonjwa.

Darubini ya elektroni itakuonyesha umbo, sawa, lakini haikwambii inaua nani. Hilo unalijua kwa kuijaribisha kwa bakteria wa spishi hiyo hiyo waliotoka kwa wagonjwa tofauti, na mara nyingi inaua baadhi tu wengine haiwagusi, kwa hiyo kwenye matibabu lazima kwanza bakteria wa mgonjwa mwenyewe wapelekwe maabara, zijaribiwe faji moja moja mpaka ipatikane inayowaua hao hao.