Tairi lilipasuka, kwa hiyo?

Jumatatu hii tena. Mama kaja ofisini, mwanae kavunjika paja, basi lilipinduka, na kabla sijauliza chochote ananiambia wakili nimekuja kujaribu tu ila najua hamna kesi maana tairi lilipasuka. Kaambiwa na konda, dereva, trafiki mmoja na shemeji yake. Mimi kesi za ajali za barabara ya Morogoro nazifanya miaka sasa na hakuna sentensi inayonichosha kama hii, eti ajali haina kinga, kazi ya Mungu.

Jamani, tairi halijiamulii kupasuka. Lilikuwa na upepo mdogo likawa linajikunja na kupata moto, au gari limepakia kupita uwezo, au limezeeka, au wiki iliyopita lilipiga shimo nyuzi za ndani zikakatika na kwa nje unaona liko poa. Karibu zote hizo kuna mtu kazi yake ilikuwa aone mapema. Kwa hiyo mahakamani hawaishii kuuliza kama tairi lilipasuka, wanauliza kwa nini lilipasuka na mwenye gari alifanya nini lisipasuke. Basi likitoka barabarani lenyewe kweupe, hilo peke yake linamtaka tajiri, yaani mwenye basi, ajieleze, na akisema tairi limepasuka hajajieleza bado, kataja tu kilichotokea.

Kuna kesi ya Uingereza, Barkway na South Wales Transport, ilifika mpaka ngazi ya juu kabisa kule ikaamuliwa 1950. Basi limepasuka tairi, likayumba likaporomoka kwenye ukingo wa barabara. Kampuni ikaja na utetezi mzuri tu, matairi tunayakagua, na kweli walikuwa wanakagua. Tatizo lilikuwa jeraha la ndani la kugonga kitu kizito, ambalo kwa macho hulioni. Wakashindwa hata hivyo, kwa sababu hawakuwa na utaratibu wa madereva kuripoti kila wakipiga kitu kizito ili tairi lifunguliwe liangaliwe. Hukumu za kule hazizibani mahakama zetu lakini zinasikilizwa. Sasa linganisha hao na tajiri wetu anayetembeza tairi kipara mbele halafu anakwambia ni mipango ya Mungu!

Sisemi mwenye gari hashindi. Akileta rekodi za ukaguzi, risiti, tairi zima, na ikaonekana kasoro imejificha toka kiwandani au tairi limechomwa na chuma barabarani dakika ileile, anaweza kutoka. Ila alete.

Na hapa ndio ugonjwa wangu mkubwa: TUNZENI TAIRI. Kuna kesi niliipoteza kwa uchungu, tumefika yadi wiki tatu baadaye tunaambiwa tairi kachukua fundi wa katambuga. Ushahidi wangu wote unatembea miguuni mwa watu. Nyingine wateja walikuja na kipande kwenye kiroba, tukakigeuza ndani kimejaa unga mweusi kama wa mkaa, yaani lilikuwa linakimbia bila upepo wa kutosha muda mrefu mpira unajisaga wenyewe, pembeni kuna kiraka cha zamani kimeachia. Kile kiroba kilifanya kazi kuliko mashahidi wangu wote.

Sababu nyingine mnazoambiwa kwamba hamna kesi nazipitia haraka maana nina mahakama saa nne.

Trafiki kaandika tairi, basi imeisha. Haijaisha. Polisi wanaangalia jinai, na hata dereva akiachiwa huko bado unaweza kudai fidia, maana kwenye madai kipimo cha ushahidi ni chepesi zaidi.

Tajiri hakuwemo kwenye gari. Na hakutakiwa kuwemo, dereva alikuwa kwenye kazi ya huyo tajiri.

Gari lina stika ya ukaguzi. Stika inasema siku ile lilikaguliwa, haijasema lolote kuhusu miezi minne baadaye.

Bima ndogo, ile ya lazima, haihusu abiria. Hii inaniudhi kidogo. Basi linalobeba watu kwa nauli, bima ya lazima inatakiwa iwaguse na abiria.

Tairi lilikuwa jipya. Jipya kwa maana ya limenunuliwa jana? Angalia ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT kuna namba nne, mbili za kwanza wiki lililotengenezwa, mbili za mwisho mwaka. Nyingi mnazouziwa "mpya" zimezunguka nchi za watu huko zikachoka ndio zikaja kwetu na mtumba.

Halafu kile kikaratasi cha laki mbili mnacholetewa wodini eti cha msaada wa matibabu, msisaini kabla hamjanionyesha, mimi au wakili yeyote. Na msikae na kesi ndani, madai ya kuumizwa kwa uzembe yana miaka 3 tu, na watu wanakuja mwaka wa nne wakiwa na X-ray zao kwenye bahasha.

Yule mama nilimwambia amtume kaka yake yadi palepale kabla ya mchana. Saa tisa picha ikaingia WhatsApp, tairi la mbele kushoto, vumbi limefutwa kwa kidole: 1113. Wiki ya 11, mwaka 2013. Barua kwa tajiri imeondoka jana.