Nauli Ililipwa, Ardhi Haikupimwa: Sheria ya Makazi ya Himaya ya 1922

Mei 1922 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Makazi ya Himaya, iliyoiruhusu serikali kutumia hadi pauni milioni 3 kwa mwaka, kwa miaka 15, kuwasaidia raia wake kuhamia Kanada, Australia, New Zealand na kwingineko chini ya bendera yake. London isingelipa zaidi ya nusu ya gharama. Iliyobaki ingetoka kwa serikali za ng'ambo au mashirika binafsi. Leo Amery, mtetezi mkuu wa sera hiyo, alitaka Waingereza wasio na ajira baada ya vita waende kuzalisha chakula, kisha wanunue bidhaa za viwanda vya nyumbani.

Kwa mtazamo wangu kama mtafiti wa sera za ardhi, kasoro kubwa ya mpango huu ni kwamba hesabu ya nauli ilifanywa kwa makini, ilhali ardhi yenyewe ilichukuliwa kuwa tupu na tayari kwa jembe. Mfano ulio wazi ni Western Australia, ambako Waziri Mkuu wa jimbo hilo, James Mitchell, alikubali mwaka 1923 kupokea wahamiaji 75,000 na kuandaa mashamba 6,000, kwa mkopo wa pauni milioni 6. Familia zipatazo 20 ziliwekwa pamoja katika vibanda vya mabati, zikafyeka msitu chini ya msimamizi kwa posho ya kila siku, kisha viwanja vikagawanywa kwa kura. Wengi wao walikuwa watu wa mjini, na sasa walitakiwa kuangusha miti ya karri, ambayo ni miongoni mwa miti mirefu kuliko yote duniani, na kung'oa visiki vyake, katika nchi ya Wanoongar, wenyeji wa asili ambao hakuna aliyewauliza.

Hata waliovumilia walikuta ng'ombe wao wakikonda na kufa karibu na mji wa Denmark wa huko huko Western Australia, ingawa majani yalikuwa tele. Ni katika miaka ya 1930 tu ndipo wanasayansi walipothibitisha kwamba udongo ule ulipungukiwa na madini ya kobalti. Kufikia wakati huo bei ya maziwa na siagi ilikuwa imeanguka, madeni yamelimbikizana, na familia nyingi zimekwisha kuondoka.

Kenya ilifuata njia nyingine, na mapema zaidi. Mpango wa 1919 wa kuwapa makazi askari wa zamani uligawa mashamba zaidi ya 1,000, sehemu yake kwa bahati nasibu iliyochezeshwa jijini Nairobi, lakini uliwalenga hasa maofisa wenye mtaji, kwa kuwa kazi ya shamba ilitarajiwa kufanywa na Waafrika. Baadhi ya mashamba hayo yalikatwa kutoka ardhi ya Wanandi, na walowezi wakapewa hati za kukodi ardhi kwa miaka 999. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 65, ndiyo iliyoweka kikomo cha miaka 99 cha kukodi ardhi kwa wasio raia.